MOYO SAFI: MANENO MAWILI YA KIGIRIKI KWA NENO LETU MOJA

Katekista akiwauliza wanafunzi wake: «Ni nani mwenye moyo safi?», karibu wote watajibu: «Ni yule asiyezini.» Ukimwuliza mtu mzima aliyebatizwa zamani atajibu vilevile, tena atataja amri ya sita. Jibu hilo si uwongo. Lakini ni kipande tu cha jibu, na kipande kikishika mahali pa kitu kizima huleta hasara.

Hasara hiyo twaiona katika watu wa namna mbili. Wa kwanza ni mchuuzi anayepunguza kilo katika mizani yake, anayewasengenya jirani zake, lakini hana mwanamke wa nje. Huyo husikia Heri ile ya Bwana wetu juu ya wenye moyo safi, akafurahi, akidhani imesemwa kwa ajili yake. Wa pili ni mama aliyeanguka katika ujana wake, akaungama, akaondolewa dhambi, na tangu siku ile anaishi vema. Huyo husikia Heri ileile akainamisha kichwa, akidhani imempita kwa milele. Wote wawili wamekosea, na kosa lao lina mzizi mmoja: hawakufundishwa maana ya neno «safi» katika Maandiko.

Katika kurasa hizi twataka kueleza kwamba Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kigiriki, lina maneno mawili ya usafi ambayo sisi mara nyingi twayafasiri kwa neno moja. Neno moja ni katharos. La pili ni hagnos. Yana ujamaa, lakini si pacha. Mwenye kuyapambanua atahubiri vizuri zaidi, atafundisha vizuri zaidi, na katika kiti cha maungamo atawasaidia watu zaidi.

I. SHIDA INATOKA WAPI

Neno letu «safi» lilitoka katika Kiarabu. Huko lasemwa juu ya kitu kisichochanganyika na kingine, kama maji yaliyotulia mpaka tope limeshuka chini na jicho laona hata changarawe. Sisi twalitumia kwa mambo mengi: nguo safi, maji safi, kiwanja safi, maneno safi. Na katika Kanisa twalitumia mara mbili kwa mambo yasiyo sawasawa. Twasema «moyo safi» tukifundisha Heri za mlimani. Tena twasema «nadiri ya usafi» tukitaja ahadi ya watawa ya kuishi bila ndoa. Mkristu wa kawaida husikia neno lilelile pande zote mbili. Basi huunganisha moja kwa moja: moyo safi ni ule wa sista na wa padri, na kwa watu wa ndoa ni kutozini tu.

Tena lugha yetu ina jambo jingine la kuangalia. Kutoka katika «takata», yaani kuondokewa na uchafu, twapata «takasa», na kutoka hapo twapata «takatifu». Kwa Kiswahili, utakatifu wenyewe umezaliwa na kufua na kuosha. Katika Kigiriki njia ni nyingine. Neno hagnos ni ndugu wa hagios, yaani mtakatifu. Yote mawili yatoka katika mzizi wenye maana ya kucha, kuheshimu, kusimama kwa hofu mbele ya Mungu. Basi hagnos haikuanzia katika beseni la maji. Ilianzia mbele ya altare.

Wafasiri wa Kilatini nao waliona ugumu. Katharos waliifasiri mara nyingi kwa mundus, na mara nyingine kwa purus. Lakini kwa hagnos hawakupata neno moja la kutosha. Neno hilo limeandikwa mara 8 tu katika Agano Jipya. Katika Vulgata twaona mara 4 castus, mara 2 sanctus, mara 1 pudicus, na mara 1 incontaminatus. Maneno manne kwa neno moja! Wafasiri hao walijua Kigiriki. Waliona kwamba neno lenyewe ni pana kuliko kila neno waliloweza kulishika.

II. KATHAROS: PASIPO UCHAFU WALA MCHANGANYIKO

Tuanze na katharos, kwa kuwa maana yake yaonekana kwa macho. Yosefu wa Arimataya alipoupokea mwili wa Yezu aliufunga katika sanda, Matayo asema ilikuwa sanda katharos (Mt. 27, 59), yaani kitambaa kisicho na doa. Katika Ufunuo, Yerusalemu mpya umejengwa kwa dhahabu katharos, inayofanana na kioo katharos (Ufu. 21, 18). Dhahabu hiyo haina kitu kingine ndani yake.

Watu wa Katanga hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Shaba haitoki ardhini ikiwa tayari. Yatoka katika mawe ya kijani, imeshikamana na udongo na madini mengine, mpaka moto na kazi ya kiwanda vimeitenga. Shaba iliyotengwa ndiyo katharos. Na mama wa kijiji naye ajua: unga wenye mchanga si katharos, hata ukiwa mweupe; mchanga hauonekani, lakini jino laujua.

Basi kwa neno hili swali ni moja: Je, ndani yake mna kitu kisichopaswa kuwamo?

Kutoka katika vitu, neno lapanda mpaka kwa watu. Katika Agano la Kale, mwenye ukoma alikuwa mchafu kwa sheria. Alikaa nje ya kambi, na kuhani peke yake aliweza kumtangaza kuwa safi (Walawi 13 na 14). Ndiyo sababu yule mkoma wa Evanjili hakumwomba Yezu «kumponya», bali kumtakasa (Marko 1, 40). Aliomba kurudishwa katika watu, katika sala, katika nyumba yake. Aliyekuwa mchafu alikuwa nje. Aliyetakaswa ameingia tena.

Lakini Bwana wetu aliipeleka maana ya neno mbele zaidi. Mafarizayo waliosha vikombe na sahani kwa nje. Yeye aliwaonyesha kwamba ndani yao mnajaa unyang'anyi. Kisha, katika Luka 11, 41, aliwafundisha dawa ya ajabu: watoe sadaka kwa maskini, na vyote vitakuwa katharos kwao. Tuangalie vizuri. Dawa ya uchafu hapa si maji, wala si kukaa mbali na wanawake. Ni kufungua mkono. Uchafu uliokuwamo ulikuwa choyo.

Tena katika Matayo 15, 19 Bwana ataja mambo yanayotoka moyoni na kumchafua mtu. Ukiyahesabu utapata saba: mawazo mabaya, uuaji, uzinzi, uasherati, wizi, ushahidi wa uwongo, matukano. Katika hayo saba, mawili tu ni ya amri ya sita. Matano ni ya amri nyingine. Mwenye kufundisha usafi wa moyo kwa kutaja mawili na kuyaacha matano amefundisha chini ya theluthi moja ya somo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni usiku wa Karamu ya mwisho. Yezu aliwaosha mitume miguu, akawaambia kwamba wao ni katharos, lakini si wote (Yoane 13, 10-11). Aliyekosa usafi ni Yuda. Miguu yake ilikuwa imeoshwa kwa mikono ya Mwana wa Mungu mwenyewe! Na uchafu wake ulikuwa nini? Evanjili haisemi neno juu ya tamaa ya mwili. Yoane amesema tu kwamba alikuwa mwizi wa mfuko wa fedha, na kwamba Shetani alitia moyoni mwake shauri la kumtoa Bwana wake. Yuda alikaa mezani pamoja na wengine, lakini ndani yake mlikuwa na shauri jingine. Hakuwa katharos kwa sababu alichanganyika.

Na sasa twaifahamu Heri ya Matayo 5, 8. Pale neno ni katharos. Bwana alikuwa akigusa Zaburi 23 (24 kwa hesabu ya Kiebrania), inayouliza ni nani atakayepanda mlima wa Mungu. Zaburi yajibu kwamba ni mwenye mikono isiyo na hatia na moyo safi, asiyeapa kwa udanganyifu. Mwenye moyo katharos ni mtu asiye na hila, asiye na chuki iliyofichwa, asiye na mali ya wizi nyumbani, wala tamaa mbaya iliyolelewa kimyakimya. Amri ya sita imo ndani, lakini haimo peke yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2518, yafundisha jambo hilohilo: yautafuta usafi wa moyo hasa katika mambo matatu, ndiyo mapendo, usafi wa mwili, na kuipenda kweli pamoja na imani sahihi. Mapendo yametajwa kwanza.

III. HAGNOS: ALIYETUNZWA KWA AJILI YA MMOJA

Hagnos ni neno la namna nyingine. Katika Agano Jipya halisemwi juu ya kitambaa, wala chombo, wala chakula. Lasemwa juu ya watu, juu ya mwenendo wao, juu ya hekima itokayo mbinguni (Yakobo 3, 17). Na swali lake si «mna uchafu gani ndani?», bali: Huyu ni wa nani? Ametunzwa kwa ajili ya nani?

Mtume Paulo ametupa mfano wenyewe. Awaandikia Wakorinto kwamba amewaposa kwa mume mmoja, apate kuwaleta mbele ya Kristu kama bikira hagnos (2 Kor. 11, 2). Hapa hakuna haja ya maelezo marefu kwa watu wa nchi yetu. Binti akiisha kuposwa, jamaa mbili zikiisha kupatana, mahari ikiisha kupokewa, kila mtu kijijini ajua kwamba huyu ana mwenyewe. Si kwamba ameoga kuliko dada zake. Ni kwamba neno limetolewa, na yeye analishika. Paulo alikuwa na wivu kwa ajili ya Wakorinto kwa kuwa walianza kuwasikiliza walimu wengine waliohubiri Yezu mwingine. Basi ukosefu wa hagnos uliomtia hofu pale ulikuwa kuiacha imani ya kwanza.

Tutwae mfano mwingine kutoka jikoni. Wakati wa mavuno mama huchagua mahindi. Yale ya kula huyapepeta katika ungo, huondoa makapi na mawe, huyapeleka kusagwa: hayo ni katharos. Lakini mahindi mengine, yaliyo mazuri, huyafunga pamoja na maganda yake na kuyatundika juu ya moto, katika moshi, wadudu wasiyaingie. Hayo ni ya mbegu. Hata njaa ikija, hayasagwi. Mtoto akiyanyoshea mkono, hukemewa. Hayo ndiyo hagnos: yametengwa kwa kazi moja, na kwa sababu hiyo yalindwa yasiharibike. Ulinzi wafuata kutengwa.

Ndiyo maana tendo lililotoka katika neno hili, yaani hagnizo, lasemwa juu ya wale wanaojitayarisha kuja mbele ya Mungu. Kabla ya Pasaka watu wengi walipanda Yerusalemu kujitakasa hivyo (Yoane 11, 55). Mtume Paulo naye alifanya hivyo hekaluni pamoja na watu wanne waliokuwa na nadiri (Mdo. 21, 23-26).

Na Mt. Yoane atumia neno hili kwa Kristu mwenyewe: kila mwenye kumtumainia hujitakasa, kama vile Yeye alivyo hagnos (1 Yoane 3, 3). Kristu hakuwa na doa la kufuliwa. Lakini alikuwa wa Baba, mzima, bila kugawanyika, tangu hori la Betlehemu mpaka msalaba.

Wakristu wa kale walilipenda neno hili hata wakawaita watoto wao kwa jina hilo. Agnès ni hagnos kwa umbo la kike. Mt. Augustino, katika hotuba ya sikukuu yake, aliwaeleza watu kwamba jina hilo kwa Kilatini lakumbusha mwanakondoo, na kwa Kigiriki maana yake ni mwenye usafi. Ndiyo sababu wachora sanamu humweka mwanakondoo karibu na bikira huyo mfiadini wa Roma, ambaye sikukuu yake ni tarehe 21 Januari. Na jina la Katharina, ingawa asili yake haijulikani kwa hakika, Wakristu walilifananisha na katharos tangu zamani, wakaliandika hivyo. Parokia yenye Agnès na Katharina katika kitabu cha ubatizo ina somo letu zima katika majina mawili.

Hapa yafaa kuondoa kosa moja. Wengi hudhani hagnos, au castus ya Kilatini, ni mtu asiyeoa wala kuolewa. Sivyo. Mt. Petro alitumia neno hili kwa wanawake wenye waume, ambao mwenendo wao wa hagnos waweza kuwavuta waume wasioamini (1 Petro 3, 1-2). Paulo alitumia vilevile kwa wake vijana katika barua kwa Tito (2, 5). Mke aliye mwaminifu kwa mumewe ni hagnos, na mume vilevile. Sista ni hagnos kwa njia ya nadiri yake. Padri ni hagnos kwa njia ya ahadi yake. Mchumba ni hagnos kwa kungoja. Njia ni mbalimbali, lakini neno ni moja: kushika neno ulilompa mmoja.

IV. MANENO MAWILI KATIKA MSTARI MMOJA

Je, mitume waliona tofauti hii, au ni sisi tunaoitafuta? Mt. Yakobo atujibu. Katika sura ya 4, mstari wa 8, aliyaweka matendo mawili pamoja. Awaamuru wenye dhambi waitakase mikono, na hapo atumia tendo la katharos. Kisha awaamuru wenye nia mbili waitakase mioyo, na hapo atumia tendo la hagnos. Vulgata nayo ilibadili neno: emundate kwa mikono, purificate kwa mioyo.

Tazama namna alivyogawa. Mikono yashika uchafu: rushwa, mali ya wizi, damu. Kwa hiyo mikono yahitaji kuoshwa. Lakini ugonjwa wa mioyo ile ni mwingine: imegawanyika. Watu wale walitaka kuwa rafiki za Mungu na rafiki za dunia pamoja. Wahenga wetu wasema: Njia mbili zilimshinda fisi. Dawa ya moyo wa njia mbili si sabuni. Ni kuchagua. Na kuchagua huko ndiko Yakobo alikokuita kwa neno la hagnos.

Basi twaweza kuandika kanuni fupi. Katharos ni kinyume cha kuchafuka. Hagnos ni kinyume cha kugawanyika. La kwanza laondoa. La pili latunza.

Lakini waseminari wasiifanye kanuni hii kuwa ya chuma. Lugha si hesabu. Katika Kiebrania neno moja, tahor, lasemwa juu ya moyo safi wa Zaburi 50 (51), juu ya maneno safi ya Mungu ya Zaburi 11 (12), na juu ya kicho cha Mungu cha Zaburi 18 (19). Wafasiri Wayahudi walioandika Zaburi kwa Kigiriki walichagua katharos kwa moyo, na hagnos kwa maneno na kwa kicho. Labda waliona kwamba moyo wa Daudi ulihitaji kusafishwa, lakini neno la Mungu halihitaji kusafishwa. Hata hivyo mzizi waliousoma ulikuwa mmoja. Na Mt. Paulo awaambia Wakorinto wajitakase wenyewe (2 Kor. 7, 1) kwa tendo la katharos. Maneno haya ni mashamba mawili yaliyopakana. Mahali pengine mpaka waonekana wazi, mahali pengine majani yameufunika.

V. HATARI YA KUJIITA SAFI

Historia ya Kanisa yatuonyesha hasara ya kulifahamu vibaya neno katharos. Mwaka 250 Kaisari Decius aliwatesa Wakristu. Wengi waliogopa, wakatoa sadaka kwa miungu, kisha wakalia na kuomba kurudi. Mjini Roma padri mmoja jina lake Novatianus alikataa wasipokelewe tena, na mwaka 251 akajitenga na Papa Kornelio. Wafuasi wake walijiita Katharoi, yaani «Walio safi».

Mtaguso wa Nicea, mwaka 325, katika kanuni ya 8, uliwafungulia njia ya kurudi. Lakini uliwadai waahidi kwa maandiko kwamba watashirikiana na wale walioanguka wakati wa mateso wakatubu, na pia na wale waliooa mara ya pili. Kwa maneno mengine: anayejiita safi na aketi meza moja na aliyesafishwa.

Kosa lao lilikuwa nini? Walidhani mtu huwa katharos kwa kukaa mbali na wenye dhambi. Lakini Bwana aliwaambia mitume kwamba wamekuwa katharos kwa sababu ya neno alilowaambia (Yoane 15, 3). Usafi huo ulitoka kwake. Shaba haijitengi na mawe yenyewe. Mkoma hakujitangaza safi mwenyewe. Kwanza twapokea usafi, katika Ubatizo, na tukianguka, katika Kitubio. Na aliyeoshwa hawezi kumcheka mwenzake aliye bado katika maji.

VI. KATIKA KAZI YETU

Mambo haya yatufae nini? Tutaje matatu.

Kwanza, katika mafundisho. Katekista asifundishe Heri ya sita siku ile tu anapofundisha amri ya sita. Aiunganishe na amri ya saba, na ya nane, na amri ya mapendo. Awape watoto mifano mitatu: mizani ya mchuuzi, ulimi wa msengenyaji, jicho la mzinzi. Kisha awaulize ni upi kati ya hao mwenye moyo safi. Wakijibu «hakuna», wamefahamu.

Pili, katika kufasiri. Tukikuta katharos, neno «safi» latosha, nalo ni zuri. Tukikuta hagnos, tusikimbilie neno moja kila mahali. Kwa bikira wa Paulo twaweza kusema «aliyetunzwa kwa mmoja». Kwa wake wa Petro, «mwenendo mwaminifu na wa kicho». Kwa mioyo ya Yakobo, «iweni na moyo mmoja». Watu wetu wajua sana tofauti ya mwenye moyo mmoja na mwenye mioyo miwili. Hakuna haja ya kuwafundisha Kigiriki. Inatosha tuwaamshie Kiswahili chao.

Tatu, katika kiti cha maungamo. Yule mama tuliyemtaja mwanzoni ahitaji kusikia habari ya katharos: Bwana amekwisha kumwosha, na alichokiosha Bwana mtu asikiite kichafu. Asirudie kuungama dhambi ileile kila mwaka kana kwamba maji ya kwanza hayakufika. Kisha asikie habari ya hagnos: tangu leo ana mwenyewe, na ajitunze kwa ajili yake. Hata aliyeanguka aweza kuwa hagnos, kwani neno hili latazama zaidi kule mtu anakokwenda. Na yule mchuuzi asiye na mwanamke wa nje, naye aulizwe kwa upole juu ya kilo zake.

Neno moja kwa waseminari. Paulo alimwandikia Timoteo, aliyekuwa kijana, ajitunze kuwa hagnos (1 Tim. 5, 22). Angalia mahali alipoliandika. Si katika hotuba juu ya wanawake, bali katika maagizo juu ya kuwawekea watu mikono: asifanye haraka, asishiriki dhambi za wengine. Padri akimpendelea ndugu yake kwa cheo, akinyamaza mbele ya ubaya kwa ajili ya zawadi, moyo wake umegawanyika, hata kama mwili wake haukuanguka. Useja bila moyo mmoja ni ganda la hindi lisilo na mbegu.

VII. MAMBO MAWILI KATIKA MTU MMOJA

Nchi yetu ya Kongo ina ushuhuda mmoja unaoyaunganisha maneno yote mawili. Mwenye heri Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, alikuwa sista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Wakati wa maasi ya mwaka 1964 waasi waliwachukua masista mpaka Isiro. Mkubwa mmoja wa askari alitaka kumfanya mke wake. Alikataa, akapigwa, akauawa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, akiwa bado hajatimiza miaka 25. Papa Yoane Paulo II alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Watu wengi humkumbuka kwa jambo la kwanza: alikuwa wa Kristu, akakataa kuwa wa mwingine. Huo ni usafi wa hagnos, na ni haki kuukumbuka. Lakini kabla ya kufa alimsamehe yule aliyemwua. Hapo hakukuwa tena na hatari kwa ubikira wake. Hatari iliyobaki ilikuwa chuki. Nayo haikupata mahali moyoni mwake. Huo ni usafi wa katharos.

Kama tukimhubiri Anuarite kwa jambo la kwanza tu, twamfanya mfano wa masista peke yao. Tukimhubiri kwa mambo yote mawili, baba wa nyumba, mchuuzi, mwalimu, askari na mwanasiasa wote wana la kujifunza kwake. Katika nchi iliyoona vita vingi, ni wangapi wasiozini, lakini mioyo yao ina sumu ya kisasi? Hao nao wafundishwe kwamba Heri ya wenye moyo safi yawangoja, na kwamba mlango wake kwao ni msamaha.

Basi, ndugu msomaji, utakaposimama tena mbele ya watu kueleza moyo safi, uwape maswali yote mawili. La kwanza: Ndani yako mna nini kisichopaswa kuwamo? La pili: Wewe ni wa nani? Mwenye kujibu moja bila jingine amejibu nusu.